Moteri mbili, elisi mbili: namna ya kulinganisha hatua ya elisi ku maboti ya ziwa Kivu

Mutu wa Masisi mwenye anaenda Bukavu, ao mutu wa Walikale mwenye anapita Hombo na Bukavu juu ya kufika Goma, siku moja atajikuta ndani ya boti. Mwanzo wa mwaka 2024, wakati vita ilikata barabara ya Sake na Minova, watu wengi zaidi waliingia ku maji: wanafunzi, mama wa biashara, wagonjwa, vyakula vya kwenda Goma. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi yenye ilitoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma ikiwa mbele ya macho, na watu wengi wakapoteza maisha.

Tangu pale watu wanazungumza sana juu ya jile za kuokoa na juu ya muzigo wa kupita kipimo. Ni lazima kuzungumza. Lakini kuko jambo lingine lenye wasafiri hawaoni kwa sababu linabakia chini ya maji: elisi. Maboti mingi yanatembea na moteri mbili za nyuma, na watu wanaamini kwamba moteri mbili ni usalama, kwa sababu moja ikikufa ingine itafikisha boti ku pwani. Ni kweli, kama elisi za moteri hizo mbili zinafanana na kama zilichaguliwa kwa muzigo wa kweli na kwa hewa ya Kivu. Kama sivyo, moteri ya pili inaweza kushindwa saa ile ile inahitajika.

Makala hii inaeleza kwa wenye maboti, kwa makapiteni na kwa mafundi maana ya hatua ya elisi, namna ya kuipima, na namna ya kulinganisha elisi mbili.

Hatua ya elisi ni nini

Ku elisi kuko kawaida namba mbili zenye kugongwa ku chuma ya katikati ao ndani yake, na katikati yao alama ya kuzidisha. Namba ya kwanza ni upana wa duara lenye mabawa yanachora wakati elisi inazunguka. Namba ya pili njo hatua, ile vitabu vya Kifaransa vinaita pas. Zote mbili zinahesabiwa kwa inchi, ni kusema pouce, na inchi moja ni sentimita 2.54.

Hatua ni umbali wenye elisi ingesonga mbele katika muzunguko mumoja kama ingekuwa inaingia ndani ya kitu kigumu, mufano wa visi inaingia ndani ya ubao. Elisi ya hatua 12 ingesonga inchi 12, ni kusema sentimita 30 na nusu. Lakini maji si ubao, yanateleza. Njo maana boti haiwezi kufika mwendo wote wenye hesabu inasema.

Mufano: moteri inazunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia za chini zinapunguza kwa mbili. Elisi inazunguka mara 2,500. Kwa hatua 12, hesabu inatoa mita 762 kwa dakika, karibu kilometa 46 kwa saa. Boti ya mbao yenye kubeba watu na magunia inaweza kutembea kilometa 25 tu. Tofauti yote hiyo ni mutelezo wa maji. Kwa boti nyepesi mutelezo ni kidogo, kwa boti nzito ni mwingi.

Hatua kubwa ni kama vitesi ya juu ya gari: inakimbia wakati gari ni nyepesi na barabara ni sawa. Hatua ndogo ni kama vitesi ya kwanza ya gari lenye kupanda mulima: mwendo ni kidogo, nguvu ni mingi. Mutu mwenye anajua barabara ya kupanda toka Sake kwenda Masisi-centre anaelewa. Hakuna shofere mwenye anapanda pale na vitesi ya nne, gari ikiwa imejaa makala na maharagi. Lakini maboti mingi yanafanya hivyo ku ziwa kila siku, kwa sababu boti haina vitesi ya kubadilisha. Hatua ya elisi njo vitesi yake moja tu, na inachaguliwa kabla ya kutoka ku bandari.

Sababu gani Kivu si sawa na bahari

Ziwa Kivu liko juu, mita karibu 1,460 kupita bahari. Ziwa Tanganyika liko mita 773, ziwa Victoria mita 1,134. Kila mara mutu anapanda, hewa inakuwa nyepesi, na moteri inakosa hewa ya kuchoma esansi. Kipimo chenye mafundi wanatumia ni hiki: kila mita 300 za kupanda, moteri inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu. Ku Kivu hasara inafika karibu asilimia 15. Moteri yenye kuandikwa farasi 40 inafanya kazi kama farasi 34.

Matokeo yake yanaonekana ku elisi. Moteri na elisi zenye zilijaribiwa Mombasa, Dar es Salaam ao hata Kalemie, zikaenda muzuri kabisa, zikiletwa Goma bila kubadilisha kitu hazitafika tena mizunguko yao. Moteri inalemewa. Mara nyingi dawa ni kupunguza hatua kwa inchi 1 ao 2. Inchi moja ya hatua inabadilisha mizunguko ya moteri kwa kiasi cha 150 mpaka 200 kwa dakika. Ni kipimo cha kuanzia, si sheria, kwa sababu umbo la mabawa na uzito wa boti vinabadilisha pia.

Kwa moteri za mapigo mawili zenye karburateri kuko jambo la pili. Hewa ikiwa nyepesi, esansi yenye kupita ku jigleri inakuwa mingi kupita hewa. Buji zinakuwa nyeusi, moshi unaongezeka, moteri inakohoa. Fundi anaweza kuweka jigleri ndogo kufuatana na kitabu cha moteri. Moteri za mapigo mane zenye kutumia injeksio zinajipima zenyewe kwa esansi, lakini nazo haziwezi kurudisha hewa yenye haiko. Hatua ya elisi inabakia jambo la kuangalia kwa zote.

Moteri mbili, shida mbili

Moteri mbili zikiwa ku boti moja, hakuna yenye inatembea mwendo wake peke yake. Zote zimefungwa ku ubao mumoja, zinaenda mwendo mumoja wa boti. Kama ya kushoto iko na hatua 12 na ya kuume iko na hatua 10, ku gazi yote ya kushoto itazunguka polepole na ya kuume haraka, tofauti inaweza kufika mizunguko 300 mpaka 400.

Kapiteni akisikia sauti mbili zenye hazipatane, atapunguza gazi ya kuume mpaka sauti zifanane. Anafikiri ametengeneza, na kumbe ameongeza shida. Kwa mizunguko ile ile, elisi ya hatua 10 inasukuma maji polepole kuliko ile ya 12. Kazi kubwa inabakia kwa moteri ya kushoto, na ile ya kuume inamusindikiza tu. Boti inapenda kugeuka upande mumoja, mushika usukani anakaza mukono saa zote, na usukani wenye kupinda unakula mwendo na esansi.

Hasara kubwa inakuja kisha miezi. Moteri yenye kulemewa inapata joto, inajaza makaa ndani, inaharibu pistoni. Ile yenye kuzunguka kupita kipimo inakula bilele na mishini yake. Mwenye boti atasema kwamba alinunua moteri mubaya, na shida ilikuwa elisi.

Upande wa kuzunguka nao ni wa kuangalia. Moteri nyingi za nyuma zinazungusha elisi kuume: mutu akisimama nyuma ya boti, anaona inazunguka kama mishale ya saa. Elisi mbili zote za kuume zinavuta boti kidogo upande mumoja, hata kama hatua ni sawa. Kuko moteri za kuzunguka kushoto, zenye ziko na gia zao za kipekee, zenye zinatengenezwa kusudi zifanye jozi na za kuume. Lakini mutu asiweke elisi ya kushoto ku moteri ya kawaida. Akiingiza gia ya mbele, boti itaenda nyuma.

Namba inaweza kudanganya: kupima elisi ku meza

Elisi yenye ilipiga jiwe, kisha ikanyooshwa kwa nyundo, inabakia na namba yake ya zamani. Hatua yake inaweza kuwa imebadilika. Elisi yenye ilijazwa kwa kulehemu vilevile. Kwa hiyo kusoma namba haitoshi, ni lazima kupima. Haiombi mashine.

Kwanza usalama: moteri izimwe, gia iwe katikati, waya za buji zitolewe, kisha njo mutu ashike elisi. Moteri yenye iko moto inaweza kuanza kwa kuzungusha elisi na mukono.

Elisi inalazwa juu ya meza iliyo sawa, chuma ya katikati ikisimama wima. Kutoka katikati, fundi anapima umbali mumoja, mufano sentimita 10, na anaweka alama ya bic ku kila bawa, pale ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma vinakutana na umbali ule. Kisha anapima mambo mawili:

- Kimo cha kila alama kutoka ku meza. Anatoa kimo kidogo ku kimo kikubwa.
- Pembe yenye iko katikati ya alama hizo mbili, kwa raporteri ya mwanafunzi, nukta ya raporteri ikiwa katikati ya elisi.

Tofauti ya vimo inazidishwa na 360, kisha inagawanywa na pembe. Kama tofauti ni sentimita 5 na pembe ni digri 60, hesabu ni 5 mara 360 gawanya 60, ni kusema sentimita 30. Gawanya na 2.54: karibu inchi 12. Njo hatua ya bawa lile.

Anafanya hivyo kwa mabawa yote matatu ya elisi zote mbili. Kipimo cha ku meza hakitakuwa kamili kama cha mashine, lakini kinaonyesha haraka bawa lenye halifanane na ndugu zake. Elisi yenye mabawa yake hayafanane inatetemesha moteri, inaharibu joa na kuingiza maji ndani ya gia. Hiyo si ya kuweka ku boti ya watu, hata ikiwa namba inasomeka vizuri.

Kabla ya kulaumu elisi

Mambo mengine yanaleta alama zenye kufanana na hatua mubaya. Fundi mwenye hekima anapitia haya kwanza:

- Gazi: mukono ao kable ya moteri zote mbili inafungua karburateri mpaka mwisho? Mara nyingi kable moja imenyooka na inafungua robo tatu tu.
- Esansi na buji: chujio ni safi? Buji zote zinapiga? Mafuta ya mapigo mawili yalichanganywa kipimo kimoja kwa matangi yote?
- Kimo: bamba lenye kuwa juu ya elisi liwe usawa mumoja kwa moteri zote mbili, karibu na chini ya boti. Yenye kufungwa juu sana inavuta hewa, inapiga kelele na kuzunguka bure.
- Pembe: moteri zote mbili ziiname sawasawa, na zitazame mbele bila moja kupinda.
- Mupira wa katikati: ndani ya elisi nyingi kuko mupira wenye unalinda gia wakati wa kupiga kitu. Ukichoka, moteri inazunguka na elisi inabakia nyuma. Mutu anafikiri hatua ni ndogo, na kumbe mupira unateleza.

Jaribio ku maji

Kazi ya kulinganisha inamalizikia ku maji. Inafanyika asubuhi, ziwa likiwa limetulia, karibu na pwani, bila wasafiri. Muzigo unawekwa kwa magunia ya muchanga ao bidoni za maji, uzito sawa na wa safari ya kweli. Boti tupu inadanganya. Elisi yenye inaimba muzuri ku boti tupu itashindwa siku ya soko.

Vyombo ni vitatu: kitabu cha moteri, kisaa cha kuhesabu mizunguko, na telefone yenye GPS. Kama moteri haina kisaa, kuko kidogo chenye waya wake unazungushwa juu ya waya ya buji. Ni lazima kukipanga kufuatana na aina ya moteri, kama sivyo kitatoa namba mara mbili ao nusu.

Kazi inaenda hivi:

1. Soma ku kitabu mizunguko yenye moteri inapashwa kufika ku gazi yote. Tuseme kitabu kinaandika 4,500 mpaka 5,500. Boti yenye kujaa ipate kufika katikati ya namba hizo ao juu kidogo, hata ku Kivu.
2. Fungua gazi yote ya moteri zote mbili, ngojea mwendo utulie, andika mizunguko ya kila moja na mwendo wa GPS. Rudi upande mwingine na uandike tena, juu ya kutoa kosa la upepo.
3. Kama zote mbili ziko chini ya kipimo, punguza hatua ya zote mbili. Kama zote zinapita juu, ongeza hatua ya zote mbili. Jozi inabadilishwa pamoja, hata siku moja si elisi moja tu.
4. Kama moja ni tofauti na ingine kupita mizunguko 100 ao 150, na moteri ni za aina moja na za kuzunguka upande mumoja, rudi ku pwani na ubadilishane elisi: ya kushoto iende kuume, ya kuume iende kushoto. Rudia jaribio.
5. Kama kosa limehama pamoja na elisi, elisi njo mubaya. Kama kosa limebakia ku moteri ile ile, elisi haina kosa. Tafuta ku kable, buji, karburateri ao kimo.

Hatua ya nne haiombi hata franga moja, na inazuia mutu kununua elisi mupya bure.

Siku moteri moja inakufa

Hili njo jaribio lenye wengi wanasahau, na njo lenye kuokoa watu. Kisha kulinganisha elisi, kapiteni azime moteri moja, aiinue elisi yake itoke ndani ya maji, na ajaribu kutembea na moja tu, muzigo ukiwa ndani.

Wakati moteri mbili zinafanya kazi, kila moja inabeba nusu ya boti. Kwa hiyo jozi inaweza kuvumilia hatua kubwa kidogo kuliko moteri yenye iko peke yake. Mwenye boti mwenye kupenda mbio anachagua hatua kubwa, na siku mbili zikifanya kazi anafurahi. Lakini moja ikizimika katikati ya Idjwi na Goma, ingine inabakia na boti nzima. Kwa hatua kubwa haitaweza kupanda mizunguko. Itanguruma chini, itapata joto, na kapiteni mwenye woga atafungua gazi yote. Pale njo moteri ya pili nayo inaweza kukufa.

Kwa boti ya watu na muzigo, hatua ya kuchagua ni ile yenye inaacha moteri moja ivute boti peke yake bila kulemewa sana. Haitafika mizunguko yote ya kitabu, na haiombwi kufika. Inaombwa ipande bila kukohoa na boti isikie usukani. Ikiwa haiwezi, punguza hatua ya jozi kwa inchi moja na ujaribu tena. Boti itapoteza kilometa mbili ao tatu kwa saa siku zote zingine. Njo bei ya kurudi nyumbani siku ya mubaya.

Na siku yenyewe ikifika, kapiteni ainue moteri yenye imekufa, kwa sababu elisi yenye kusimama ndani ya maji inafunga boti kama breki. Kisha afungue ingine polepole. Kama akiongeza gazi na mizunguko haiongezeki tena, arudishe kidogo na abakie pale. Gazi ya kupita pale ni joto tu.

Moteri zenye hazifanane

Wakati mwingine mwenye boti anafunga moteri ya farasi 40 upande mumoja na ya 25 upande mwingine, kwa sababu njo alikuwa nazo. Hapo namba ya hatua haiwezi kulinganishwa kwa macho, kwa sababu gia za chini zinaweza kuwa tofauti. Hata moteri mbili za nguvu sawa lakini za kampuni mbili zinaweza kuwa na gia tofauti.

Hesabu yake ni ile ya mwanzo: mizunguko ya moteri, gawanya na gia, zidisha na hatua. Matokeo ya moteri mbili yakaribiane. Kama moja inazunguka 5,000 na gia ya 2, inatoa mizunguko 2,500 ku elisi. Kama ingine inazunguka 5,000 na gia ya 2.5, inatoa 2,000. Kwa kufikia sentimita sawa kwa dakika, ya kwanza ikiwa na hatua 12, ya pili inahitaji 15, na swali ni kama nguvu yake inaweza kuizungusha. Kama haiwezi, jozi ile haitapatana, na ni afazali moteri kubwa ifanye kazi na ndogo ibakie ya akiba, imeinuliwa, na hatua yake ndogo iliyochaguliwa kwa kuvuta boti peke yake.

Ku mito ya Walikale

Kwa mitumbwi yenye moteri ku mito kama Lowa, hesabu inabadilika. Walikale-centre iko chini kuliko ziwa Kivu, hewa ni nzito zaidi, na moteri yenye kutoka Goma itapata tena sehemu ya nguvu yake. Elisi yenye ilikuwa sawa ku Kivu inaweza kupitisha mizunguko pale. Kwa hiyo moteri yenye kuhama inapashwa kujaribiwa upya.

Lakini mutu asikimbilie hatua kubwa. Mutumbwi wenye kupanda mto unapigana na maji yenye kushuka, na hatua ndogo inatoa nguvu pale. Mto uko pia na mawe, matawi na miti yenye kulala chini. Elisi inapiga mara kwa mara, na kila pigo linabadilisha hatua. Kwa muendeshaji wa mto, elisi ya akiba, kipini cha akiba na ufunguo wake ni vitu vya kuwa ndani ya mutumbwi, si ku nyumba.

Elisi haiondoe muzigo

Jambo la mwisho si la fundi. Fundi akipunguza hatua, boti inapata nguvu ya kusukuma uzito mwingi zaidi. Mwenye boti mwenye tamaa anaweza kusema: sasa inaweza, tuongeze magunia. Hapo kazi ya fundi imegeuka hatari. Elisi inasukuma boti mbele, haiishike isipinduke. Uzito wa kupita kipimo unashusha ubao karibu na maji, na watu wakihamia upande mumoja, ao wimbi likiingia, moteri mbili zenye kupatana muzuri haziwezi kitu.

Aprili 2019, kisha boti ingine kuzama ku upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi alifika pale na akaagiza kwamba kila musafiri avae jile. Agizo lile linabakia na maana kila asubuhi ku bandari za Kituku, Minova na Bukavu. Msafiri hawezi kupima hatua ya elisi. Lakini anaweza kuangalia kama moteri mbili zote zinaanza kabla ya kutoka, kama boti inaenda sawa ao inapinda, kama kuko jile kwa kila mutu, na kama jina lake limeandikwa ku orodha. Na kama ubao wa boti unagusa karibu maji, anaweza kushuka na kungojea ingine.

Kwa mwenye boti, kazi yote ya elisi inashikika kwa mistari mitano ya kubandika karibu na usukani:

- Elisi mbili za hatua moja, zimepimwa ku meza, mabawa yote yanafanana.
- Mizunguko ya moteri zote mbili imeandikwa, boti ikiwa imejaa, ku ziwa Kivu na si kwingine.
- Tofauti ikitokea, badilishana elisi kabla ya kununua.
- Boti imejaribiwa na moteri moja, ingine ikiwa imeinuliwa.
- Elisi ya akiba ya hatua ile ile iko ndani ya boti, pamoja na kipini na ufunguo.